Fundi Thadeo na Bolti Iliyogoma

Ukitoka mjini Songea ukaingia Ruhuwiko, ukaiacha lami na kufuata njia ya mchanga inayopita nyuma ya nyumba za walimu, utasikia tupa ikikwaruza chuma kabla hujaiona nyumba. Hapo ndipo kwa Thadeo Mbawala. Anatengeneza cherehani, kufuli, mabomba ya kupulizia dawa ya kahawa, na saa za ukutani ambazo siku hizi hakuna anayezitazama. Tena kwa kibali, alichokitundika ukutani ndani ya kioo, anatengeneza bunduki za wananchi wenye leseni. Si nyingi. Ni za wakulima wa Mpitimbi wanaofukuza nguruwe mashambani, na mzee mmoja mmoja aliyerithi ya baba yake na hajawahi kuilenga hata kwenye kichuguu.

Mimi ni mtu wa kutembea. Miguu ikichoka hukaa mahali penye kazi, maana mtu mwenye kazi mkononi hamuulizi mgeni utaondoka lini. Haya ninayoyaandika mengine niliyaona kwa macho, mengine alinisimulia Thadeo mwenyewe mikono yake ikiwa kwenye grisi, na machache nimeyapata kwa mkewe Imaculata, Mama Leo kwa jina la mwana wao, mama asiyependa hadithi ipunguzwe chumvi wala iongezwe.

Thadeo ni Mngoni wa Maposeni. Ufundi alifundishwa ujanani na mafundi wa misheni, watu ambao ukikosea kazi hawakusemeshi, wanakurudishia mezani, wanaenda zao, ujue mwenyewe ulipoharibu. Kwao alipata mikono mizuri. Alipata na ugonjwa mmoja pia: hawezi kutamka mbele ya watu kwamba kazi imemshinda. Atasema chuma kibaya, atasema umeme ulikatika, atakutania mpaka usahau ulichomletea. Lakini neno hilo hapana.

Na kinywa cha utani anacho. Ng'ambo ya njia, mkabala na nyumba yake, anakaa Aurelia Kihwele, bibi shamba, aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa. Huyo ni Mhehe, na Mhehe na Mngoni ni watani tangu wazee wao walipochoka kupigana. Asiyejua mambo ya utani akipita pale asubuhi angekimbia kuita mjumbe wa nyumba kumi.

"Kamwene!" Thadeo anamwita kutoka barazani kwa salamu ya Kihehe. "Umeamka? Nilidhani umejinyonga jana, ugali ulipokuungulia."

"Ningejinyonga kwa kamba ipi, mtani? Zote mlizichukua mlipokuwa mnakimbia vita, mkafungie suruali."

Hapo wanacheka wote wawili, na siku inaanza. Ndivyo ulivyo utani. Mtani akikuibia kuku, unamtafutia na chumvi. Akikutukana msibani mbele ya jeneza la baba yako, unafuta machozi ukicheka. Neno la mtani halina kesi.

Aurelia ni mwanamke mrefu wa makamo, mkimya akiwa kazini. Marehemu baba yake alikuwa askari wa wanyamapori, na akamfundisha kulenga akiwa bado binti, wakati binti wengine wa rika lake wanafundishwa kusuka. Alipofika Songea akasikia kuna chama cha walenga shabaha, akaenda kuuliza kama wanapokea wanawake. Walimtazama, wakampa bunduki ajaribu, kisha wakampa kadi.

Uwanja wao uko njia ya Mpitimbi, kwenye shamba la mwanachama mmoja. Wamekata kilima wakapata ukuta wa udongo, na mbele yake wamesimamisha mbao za kubandikia karatasi zenye duara. Unalala kifudifudi juu ya turubai, unaegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, unapiga. Mwenyekiti ni Mzee Abdulswamadu, mtu wa Kilwa, askari mstaafu, na bunduki ya chama inalala kwake katika kabati la chuma.

Bunduki yenyewe ni ya shabaha, si ya mawindo. Mtutu wake ni mnene na mzito, imetengenezwa ilale mahali pamoja na kupiga mahali pamoja. Nyuma ya mtutu kuna bolti, chuma kama komeo la mlango, chenye mkono wake pembeni. Ukishapiga, unanyanyua mkono wa bolti, unavuta nyuma, ganda tupu linaruka, unasukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Kwa mlengaji, huo mkono ni kila kitu. Ukinyanyuka kwa wepesi, wewe hubanduki pale ulipolala. Shavu liko kwenye kitako, kiwiko kiko chini, jicho liko kwenye shabaha. Ukigoma, inabidi uutie nguvu, na ukiutia nguvu bunduki yote inapinduka begani, unaanza kulenga upya kama mtu aliyeamshwa usingizini. Na muda unahesabiwa.

Sasa bunduki hii ilikuwa na ugonjwa mwingine kabisa. Ilikuwa hailii. Unavuta triga, unasikia "tik," risasi imekaa kimya. Thadeo aliitazama akasema springi ya ndani ya bolti imechoka, haiisukumi pini ya kupigia kwa nguvu inayotakiwa. Hapo alisema kweli. Mzee Abdulswamadu akaagiza springi yenyewe, ya bunduki ile ile, kwa ndugu yake aliye Dar es Salaam. Ilipofika akaileta Ruhuwiko pamoja na bolti, vimefungwa kwenye kitambaa cheupe kama sadaka.

"Fundi," alisema, "hii springi imepatikana kwa taabu, wallahi. Itunze."

"Mwenyekiti, weka hapo. Hiyo ni kazi ya kunywa chai na kurudi."

Springi za namna hiyo, ndugu zangu, zinakandamizwa ili ziingie. Thadeo aliikandamiza kwa bisibisi, jinsi alivyofanya kwa springi nyingine nyingi, huku anabishana na mpita njia juu ya bei ya mbolea. Bisibisi ikateleza. Springi ikaruka, ikapita dirishani, na hakuna aliyesikia ilipoangukia.

Waliitafuta, yeye na mkewe. Wakati ule mahindi yalikuwa yametoka shambani, uwani kumejaa maganda na magunzi. Imaculata alifagia, akachekecha vumbi lote kwa chekeche la unga. Wakamshuku kuku mmoja, maana alikuwa akidonoa pale pale chini ya dirisha. Wakamchinja. Kwenye firigisi mlikuwa na changarawe na kifungo cha shati.

"Mwambie mwenyekiti imepotea," Imaculata alisema.

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Ana kopo kubwa la springi kuukuu, za kila aina ya mashine iliyowahi kufia mikononi mwake. Alichambua humo akapata moja ya urefu ule na unene ule, ila waya wake ulikuwa mnene zaidi. Ikaingia. Ikapiga pini kwa kishindo, akafurahi. Kisha akanyanyua mkono wa bolti, na furaha ikaisha.

Nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa. Ndani ya bolti kuna kimteremko cha chuma. Unaponyanyua mkono, kimteremko hicho ndicho kinachoirudisha pini nyuma na kuikandamiza springi, tayari kwa kupiga tena. Kwa hiyo kunyanyua mkono ni kukandamiza springi, hakuna tofauti. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi, mkono unakuwa mzito. Thadeo alijua hayo kama anavyojua Baba Yetu. Akasema moyoni ngoja nipunguze ugumu, akapitisha tupa kwenye kile kimteremko. Tupa ile ilikuwa ya kufuli, ina meno makubwa. Iliacha mikwaruzo, na mkono ukazidi kugoma. Alifuta, akapaka mafuta ya cherehani, akaifunga bolti kwenye kile kitambaa cheupe.

Siku waliyoijaribu uwanjani nilikuwepo, nimekaa kwenye jiwe. Risasi zililia zote. Hakuna hata moja iliyonyamaza. Watu wakapiga makofi, Mzee Abdulswamadu akamshika Thadeo bega mbele ya wote akasema fundi kama huyu angekuwa nchi nyingine angepewa nishani. Thadeo alitabasamu akitazama viatu vyake.

Ndipo Aurelia akalala kwenye turubai. Alipiga moja, akanyanyua mkono. Haukuja. Akaunyanyua tena kwa nguvu, bunduki ikapinduka mchangani.

"Fundi," alisema, bado amelala, "huu mkono mbona unagoma? Nanyanyua kama nang'oa kisiki."

Thadeo aliniambia baadaye kwamba neno "nitaitazama tena" lilikuwa tayari mdomoni. Lakini sifa zilikuwa bado zina joto begani, na watu wote walikuwa wamegeuka kumtazama.

"Si kugoma, mtani," alisema. "Bunduki inabweka kama mbwa, na imesikia Wahehe mnavyovipenda vinavyobweka. Imejishikilia isiliwe!"

Uwanja mzima ulivunjika kwa kicheko. Aurelia mwenyewe alicheka mpaka akaweka paji la uso kwenye kitako cha bunduki.

"Nyamaza wewe! Babu yako alikimbia kwetu mpaka akasahau miguu njiani. Ndiyo maana mnarudi kutoka kilabuni kwa magoti."

Wakacheka tena. Kisha akachukua bunduki Ramson, mwalimu wa sekondari, kijana mwenye mikono kama ya mpasua mbao. Aliunyanyua ule mkono kwa kishindo. "Mbona kwangu unakuja?" alisema. Hakuna aliyetazama kwamba na yeye risasi zake zilikuwa zimetawanyika kuliko zamani. Alisema ni upepo, wakamwamini.

Tangu siku hiyo likawa jambo lililokubaliwa: bunduki ni nzima, mkono wa bibi shamba ndio dhaifu. Halikuamuliwa na mtu. Lilipita kwenye kicheko, na jambo likipita kwenye kicheko hakuna anayerudi nyuma kulikagua. Aurelia angalilalamika kwa fundi asiye mtani wake, angalisikilizwa. Kwa mtani, ukilalamika mara ya pili unaonekana umekasirika, na kukasirikia utani ni aibu kubwa kuliko bolti.

Karatasi zake zikaanza kuwa mbaya. Mzee Abdulswamadu, kwa nia njema, akamshauri ale ugali wa dona apate nguvu. Aurelia alikwenda hospitali akapimwa bega na kiwiko, wakamwambia hana kitu. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi zaidi, maana ugonjwa usio na jina ni uzee. Akaanza kujifanyia mazoezi. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alisimama uani kwake na ndoo ya maji, akiinyanyua na kuishusha kwa mkono wa kulia, anainyanyua na kuishusha, mpaka maji yakamwagikia miguuni kwenye ile baridi yetu ya Juni. Uzio wake ni wa mabua. Kutoka kwenye meza ya Thadeo unaona kila kitu.

Nilimwona Thadeo akigeuza meza ili akae ameipa njia mgongo. Alisema mwanga wa upande ule ni mzuri zaidi. Haukuwa mzuri.

Imaculata naye ana macho.

"Baba Leo, yule mama ana nini na ile ndoo?"

"Mazoezi."

"Ya nini?"

"Ya mkono. Mkono wa bolti unamshinda."

Imaculata aliendelea kuchambua maharage. Baada ya muda akasema, "Ile springi iliyoruka, ulimwambia mwenyekiti?"

Thadeo akashika tupa.

"Kumbe kuku wangu amekufa bure," Imaculata alisema, akaingia jikoni.

Alimsumbua hivyo kwa maneno madogo madogo, na mwisho Thadeo akavaa koti, akavuka njia. Mimi nilibaki kwenye kigoda. Alikuta Aurelia anajichua kiwiko kwa mafuta ya mnyonyo. Sauti zao zilifika vizuri.

"Mtani," Thadeo alisema, "nimekuja kukwambia neno. Ile bolti niliiharibu mimi. Springi ya kweli niliipoteza. Iliyomo si yake."

Aurelia akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyechoka anayeshukuru kuchekeshwa.

"Leo Mngoni amekubali kushindwa! Jamani, nani aandike tarehe? Umelewa komoni saa hizi, mtani?"

"Nasema kweli."

"Ndiyo, kweli tupu. Na babu yako hakukimbia, alikuwa anafanya mazoezi." Akajifuta macho. "Ahsante, mtani. Umenitoa huzuni. Kaa unywe chai."

Akakaa akanywa chai. Aliporudi nilimuuliza imekuwaje, ingawa nilikuwa nimesikia. "Nimemwambia," alisema. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo, na papo hapo nikauona unakunjamana tena, maana alijua mzigo haujatuliwa. Wiki iliyofuata hadithi ilikuwa imefika uwanjani: fundi kampelekea Mhehe kilio kwamba bunduki kaiharibu yeye! Watu walimpiga mgongoni kwa kucheka. Akacheka nao. Hilo ndilo aliloniambia linamchoma kuliko springi yenyewe: mara ya pili, kinywa chake kilikuwa kimesema kweli, na bado aliiacha iwe uongo.

Alikwenda kwenye kitubio. Padri akamuuliza kama amemwambia yule mama mwenyewe. "Nimemwambia, padri. Akacheka." Padri akamwambia arudi amwambie namna asiyoweza kucheka. Namna yenyewe hakumtajia.

Basi ikafika wakati wa kuchagua atakayekwenda Mbeya kushindana na vyama vya mikoa mingine. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja. Zamani hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ni bibi shamba. Siku mbili tatu kabla ya Jumamosi ya uchaguzi, Aurelia alivuka njia mwenyewe, akasimama mbele ya meza ya Thadeo, na hakuanza na tusi.

"Jumamosi nitapiga," alisema. "Nikishindwa, sirudi tena uwanjani. Nitarudisha kadi. Marehemu baba alilenga mpaka nywele zikawa nyeupe, na mimi mkono umenikataa mapema hivi. Nimeona nikwambie wewe kwanza, usije ukakosa mtu wa kumtania pale ukashangaa."

Thadeo alifungua mdomo. Mimi nilimtazama, Imaculata alikuwa mlangoni anamtazama. Akasema, "Pole, mtani." Aurelia akaondoka. Chakula cha siku ile nilikila na Thadeo tu, mama mwenye nyumba alikula jikoni.

Jumamosi tulikwenda kwa miguu, Thadeo na mimi, yeye amebeba kisanduku chake cha vyombo. Njia nzima hakutania mtu. Wanawake wa Mpitimbi walitupita na vikapu vichwani wakamchokoza kama kawaida yao, akawajibu salamu tu. Uwanjani watu walikuwa wamejaa, turubai limetandikwa, Ramson anapasha viganja. Aurelia amekaa peke yake, amevaa jaketi kuukuu la baba yake.

Thadeo hakumwendea yeye. Alimwendea Mzee Abdulswamadu, akavua kofia.

"Mwenyekiti, nisikilize wewe. Wewe ni mtu wa Kilwa, si mtani wangu. Bolti ya bunduki hii ina springi isiyo yake. Uliyonipa niliipoteza, nikakuficha. Na humo ndani nimekwaruza kwa tupa. Bibi shamba mkono wake ni mzima."

Watu walianza kucheka, wakidhani wimbo ule ule umerudi. Mmoja akapaza sauti, "Leteni komoni!" Mzee Abdulswamadu hakucheka. Alimtazama Thadeo usoni.

"Mzee Mbawala, huu ni utani au ni shauri?"

"Ni shauri."

"Basi fungua."

Akaifungua bolti pale pale juu ya turubai, mchana kweupe. Akaitoa springi. Kutoka kwenye kisanduku akatoa ile ya zamani iliyochoka, akaziweka pamoja kwenye kitambaa. Waya wa moja na wa nyingine, hata mtoto angeona. Kicheko kikafa kidogo kidogo, kutoka mbele kwenda nyuma. Aurelia alisimama, akaja, akachuchumaa. Akaikandamiza ile iliyochoka kwa dole gumba. Akaikandamiza ile ngumu. Akairudia hiyo ngumu tena, taratibu.

"Nani mwingine alijua?" aliuliza.

"Mke wangu," alisema Thadeo. Utani wa kumtaja na yule kuku waliyemchinja ulimfika mdomoni, aliniambia, akaumeza.

Mzee Abdulswamadu akauliza kama inatengenezeka leo, maana jina linatakiwa Mbeya leo. Thadeo akasema atajaribu, na hilo lenyewe sikuwahi kumsikia akilisema. Alikata pete mbili za springi, akasawazisha ncha yake. Alichukua jiwe la kunolea, dogo na laini, akalitia mafuta, akalipitisha kwenye kile kimteremko pole pole, upande mmoja tu, bila haraka, mpaka mikwaruzo ikafifia na chuma kikaanza kung'aa. Akapaka grisi kidogo kwa ncha ya kidole pale kwenye mteremko, na nyuma ya yale masikio mawili ya mbele yanayoifunga bolti. Mwenyekiti akajaribu yeye mwenyewe: risasi zililia zote, na mkono ukanyanyuka kwa vidole viwili.

"Tuahirishe, bibi shamba?" aliuliza. "Nitapiga simu niombe muda, uizoee kwanza."

"Tupige," alisema Aurelia. "Watu wametoka mbali."

Ramson alipiga vizuri. Bolti nyepesi ilimfaa na yeye, karatasi yake ikawa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga.

Kisha akalala Aurelia. Alipiga ya kwanza katikati kabisa. Akanyanyua mkono wa bolti, na mkono ukaruka juu kama mlango ulioachiwa ghafla, kiwiko chake kikapaa, kitako kikatoka begani. Zile ndoo zote za asubuhi zilikuwa kwenye mkono ule. Ulikuwa umejifunza uzito, na sasa uzito haupo. Akajiweka sawa, akapiga, akanyanyua, ukaruka tena. Niliona akijaribu kuubembeleza, anafumba macho kidogo kabla ya kuugusa. Mwishoni mwishoni ulianza kutulia, na risasi zikaanza kukusanyika. Lakini za mwanzo zilikuwa zimeshakwenda.

Ramson ndiye aliyekwenda Mbeya. Alikwenda akiona haya, na yeye hana kosa.

Watu walipokuwa wakikunja turubai, Thadeo alisimama karibu na Aurelia na kisanduku chake, akisubiri atukanwe. Alisubiri kwa hamu, kama mtu wa homa anavyosubiri jasho. Alikuwa tayari kwa babu yake, kwa ukoo wake wote, kwa lolote. Aurelia alifunga vifungo vya jaketi, akamgeukia.

"Ahsante kwa kusema, mzee wangu," alisema, na akampa mkono kwa adabu, ameushika kwa mkono wa pili kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Nyumbani Imaculata aliuliza, "Amekasirika sana?"

"Hapana," Thadeo alisema. "Ananiheshimu." Akaenda kukaa nje.

Kadi hakuirudisha. Siku hizi anakwenda uwanjani hata pasipo mashindano, analala na bunduki tupu, ananyanyua mkono wa bolti kwa vidole viwili, anaushusha, ananyanyua, mpaka ule uzito umtoke mwilini. Wenye kujua wanasema mwakani hakuna wa kumgusa. Ndoo imerudi kwenye kazi yake. Thadeo aliandika kwa mkono wake barua ya kuagiza springi ya kweli, na ilipofika aliitia mlango na dirisha vikiwa vimefungwa, joto kama tanuru, hataki mtu amsemeshe.

Mara ya mwisho nilipokaa kwenye kile kigoda ilikuwa asubuhi. Meza ilikuwa imerudishwa inatazama njia. Aurelia alitoka na mkoba wake wa kazi. Thadeo alisimama, akajikohoza.

"Kamwene! Wewe Mhehe, mahindi ya Songea yanasinyaa yakikuona. Nani alikupa kazi ya shamba, jini?"

Lilikuwa tusi zuri. Mimi nilicheka peke yangu.

Aurelia alisimama kidogo upande wa pili wa njia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee. Mmeamkaje hapo? Mama Leo hajambo?"

Thadeo alibaki amesimama na tupa mkononi, na salamu ile ina jibu moja tu.

"Marahaba," alisema.